Kaunta Kabla ya Dirisha

Wendell Pfeil ana mke juu na kaunta ya baa chini, na mimi sina juu wala chini. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadai nilificha. Wivu nilikuwa nao, na bado ninao.

Wendell ni baba yake Curtis, mume wa binti yangu Renata. Alikaa miaka minane kwenye baraza la mji wetu, huu mji wa mtoni juu kidogo ya Pittsburgh, uliobakiwa na makanisa sita na kiwanda kimoja cha chuma kilichozimwa. Mimi shule niliiacha darasa la kumi nikaingia kiwandani. Wakubwa walipokifunga nikatengeneza mabasi ya shule mpaka magoti yakakataa. Wakubwa walewale, au binamu zao, wakafunga na hospitali ya mji, ndiyo maana mke wangu Loretta alipakiwa kwenye gari la wagonjwa akasafiri dakika arobaini na moyo unaokatika, na hakurudi. Sasa ni miaka mitatu. Wendell na Marlene wake walikuja mazishini wameshikana mikono, na mpaka leo sijui kwa nini kitu kile kiliniudhi kuliko jeneza lenyewe.

Ijumaa moja ya Kwaresima tulikuwa tunakula samaki kwenye ukumbi wa zimamoto. Renata akasema mkataba wa nyumba wanayopanga unaisha mwisho wa Juni na mwenye nyumba amepandisha kodi. Wameamua kukaa kwa wazazi miaka miwili waweke akiba, halafu wanunue yao. Kwa wazazi wapi, hakusema.

Wendell, mdomo umejaa samaki, akasema kwake chini ya nyumba kuko tayari tangu enzi hizo: chumba cha kulala, bafu, kapeti, televisheni ukutani, na friji ndogo ya bia pembeni ya kaunta. Kisha akanigeukia.

"Chini kwa Emil mnajua kuna nini? Choo kimesimama peke yake katikati ya sakafu kama mfalme. Wajukuu watakuwa wanajisaidia huku wanatazamana na mashine ya kufulia."

Meza nzima ikacheka, Renata naye. Nikacheka pia, maana asiyecheka huchekwa mara ya pili. Choo kile kiko kwenye kila nyumba ya mfanyakazi wa chuma. Baba yangu alikuwa anaingia kwa mlango wa chini akiwa mweusi kwa masizi, anajisaidia na kuoga palepale, ndipo mama anamruhusu kupanda ngazi. Hata kwa Wendell kilikuwapo. Yeye alikizungushia ukuta na vigae akajifanya amezaliwa navyo.

Nikasema hata kwangu patakuwa tayari. Neno lilinitoka kabla sijalifikiria. Juu nina vyumba viwili vidogo, kimoja nalala mimi, na watu wanne hawaenei kimoja kilichobaki. Ilikuwa chini au basi.

Renata akaweka uma mezani. "Kweli, Baba?"

"Kweli."

"Sisi hatupendelei mtu. Patakapokuwa tayari na pakavu, ndipo tutakapokwenda. Kifua cha Milo unakijua."

Milo ni mdogo wao, ana miaka mitatu na pumu. Dada yake Tessa ana miaka sita, karibu saba. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: asubuhi nisikie vishindo vya watoto wale ndani ya nyumba yangu, wasisikike ndani ya nyumba ya Wendell. Sehemu ya pili ya maneno hayo ilikuwa na uzito uleule wa sehemu ya kwanza.

Kesho yake nikamwita Gorski, fundi wa mtaani kwetu, mtu asiyetoa neno kabla ya kutoa futi yake ya kupimia. Akapima kuta, akagonga zege, akanusa pembe kama mbwa. Akanieleza mpangilio wa kazi. Unaanza na maji: unakata mfereji kuzunguka kuta kwa ndani na kuweka pampu. Halafu dirisha la kutokea. Halafu bafu, halafu umeme, ndipo usimamishe fremu za mbao na bodi za jipsamu, mwisho kapeti. Nikamuuliza kuhusu kaunta ya baa.

"Baa ni hereni," akasema. "Kwanza osha masikio."

Akanipa kazi moja ya kufanya mwenyewe kabla hajaleta makadirio. Nikate kipande cha plastiki futi mbili kwa mbili, nikibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, nisikiguse siku tatu. Chini yake kukibaki kukavu, mfereji unaweza kungoja. Kukitoa jasho, usingoje.

Makadirio yalikuja dola thelathini na nne elfu na mia tisa, bila kaunta. Mimi nilikuwa na ishirini na mbili elfu, fedha za bima ya Loretta, ambazo sikuwahi kuzigusa hata kwa jiwe la kaburi. Jiwe nililipia kwa pensheni kidogo kidogo. Nikachukua kalenda ya nyumba ya mazishi, ile wanayogawa kanisani kila Desemba, nikageuza ukurasa wa Januari nikaandika nyuma yake. Mfereji na pampu, elfu tisa na mia tano. Dirisha pamoja na kukata ukuta, elfu tano na mia mbili. Bafu elfu nane. Na kadhalika mpaka kapeti. Halafu juu kabisa, mahali palipobaki nafasi kidogo, nikaandika: kaunta, elfu nne.

Mtu mwenye akili angeanza kukata kutoka juu. Mimi nilianza chini. Bafu nikalikata likawa elfu mbili na mia tano, nikisema choo kipo, kinataka ukuta tu. Dirisha nikalifuta, maana vidirisha viwili vya zamani vipo karibu na dari na mwanga unaingia. Mfereji nikauachia alama ya kuuliza, nikingoja plastiki.

Siku ya tatu nikabandua. Kwa chini kulikuwa na matone, manene, yamejipanga kama jasho juu ya mdomo wa mtu anayesema uongo. Nikayatazama muda mrefu. Nikakumbuka kwamba kabla baraza halijaiinua barabara yetu kwa lami, chini kwetu hakukuwahi kuwa na unyevu. Ni lami ile iliyogeuza maji ya mvua yakaja upande wetu, na nani alikuwa barazani mwaka huo kama si Wendell. Kwa hiyo nikaona mfereji ule si deni langu. Ni deni lao. Nikavua fulana nikapangusa plastiki, nikapangusa sakafu. Jioni Renata akapiga simu kuuliza, nikamwambia pakavu. Mfereji nikaufuta. Zikabaki dola elfu kumi na nane na mia saba za kazi yote, kaunta ikiwamo, na mfukoni elfu tatu na mia tatu za dharura. Nilijiona mchumi.

Gorski aliposikia bajeti yangu alikunja futi akasema bila mfereji na bila dirisha yeye haingii, lawama zimtafute mtu mwingine. Nikasema nitafanya mwenyewe. Nilijenga kibanda cha mabasi, ukuta wa jipsamu utanishinda?

Wiki ileile kilabu cha Waslovaki kilichofungwa kilikuwa kinauza vitu vyake. Kaunta yao ilikuwa ya mwaloni, futi kumi, imelainishwa na viwiko vya watu ninaowajua kwa majina, wengi wao marehemu. Ya Wendell ni futi nane, ya bodi iliyobandikwa ngozi ya mbao. Nikalipa elfu tatu na mia nne. Wanaume wanne waliishusha kwa mlango wa chini, na mimi nikaketi nyuma yake kwenye zege tupu nikitazamana na choo, nikahisi nimeshampita.

Kibali ndicho kilichonirudisha nyuma. Ofisi ya baraza ina mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, na kwa mama yule hapapiti mtu. Nilipeleka mchoro nilioupiga kwa penseli ya rangi ya Tessa, maana nilitaka upendeze, na nilikuwa nimechora vitanda vinne. Mama akaweka kidole kwenye vitanda. Chumba cha kulala cha chini ya ardhi, akasema, hakipewi kibali bila dirisha la kutokea: upana usipungue inchi ishirini, kimo kisipungue ishirini na nne, ukingo wake usizidi inchi arobaini na nne kutoka sakafuni, na nje lichimbiwe shimo la mtu kupandia. Nikasema basi aviite vitanda makochi. Akasema ameshaviona. Nikauliza ni nani aliyetunga inchi hizo, alilala chini ya nyumba lini.

"Moto ukishika ngazi, Bwana Hudak, watoto watokee wapi?" akasema. "Na mtu wa zimamoto aingie wapi na mtungi mgongoni?"

Nikamwambia wakubwa hawakuwaza moto walipoifunga hospitali, leo wameanza kuwaza moto nyumbani kwangu. Nikachukua mchoro wangu nikatoka. Lakini zile inchi zilinikaa kichwani.

Jumapili baada ya Pasaka Tessa alitimiza miaka saba, na sherehe ikafanywa, wapi tena, chini kwa Wendell. Marlene alipika pierogi, vile vipande vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, ambazo hazikufika hata kwenye kivuli cha za Loretta, na kila mtu akamsifu. Tessa akanivuta mkono kunionyesha chumba kitakachokuwa chao. Alisema hivyo: kitakachokuwa chetu. Kuta zilikuwa za samawati. Marlene alishaweka taa yenye umbo la mwezi. Roho ilinikwaruza, nikainua macho nisiitazame taa ile, na hapo nikaliona dirisha: uwazi mwembamba chini ya dari, kama mdomo wa sanduku la barua. Sikuhitaji futi. Nilipima kwa shubiri nikisingizia kuangalia rangi. Kimo chake inchi kumi na nne.

Wakati wa kukata keki nikamuuliza Wendell, kwa sauti ya mtu anayetafuta msaada, alipata vipi kibali cha chumba kile. Akanikonyeza.

"Emil bwana, wakati ule mimi ndiye niliyekuwa kibali."

Watu wakacheka tena. Safari hii mimi nilicheka kwa moyo.

Maisha yangu yote nimewatukana watu wa ofisi. Jumatatu saa tatu asubuhi nikapiga simu ofisini. Sikutaja jina. Nikasema kwa Pfeil, mtaa wa juu, kuna chumba cha kulala chini ya ardhi kisicho na dirisha la kutokea na kisicho na karatasi, na watoto wako njiani kuhamia. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno nililitoa kwa ubaya.

Alhamisi mkaguzi akaenda. Wendell akabandikiwa ilani: hakuna mtu kulala kule chini mpaka dirisha likatwe na kibali kilipiwe mara mbili. Renata akanipigia jioni. Sauti yake ilikuwa imechoka. Akasema kuna mtu alipiga simu ofisini, Wendell amefura kama chura, Curtis naye hataki kusikia habari za ujenzi wa mtu, na wao muda unawaishia. "Basi tutakuja kwako, Baba. Kesho napita nipime nafasi ya vitanda."

Usiku ule nililala vizuri kuliko usiku wowote tangu Loretta aondoke. Asubuhi nikafagia kule chini mara mbili na kuipaka kaunta nta.

Renata alikuja na Milo na futi. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho akatazama. Nilikuwa nimesimamisha fremu za upande mmoja tu, bila jipsamu. Choo kilikuwa palepale. Na mbele ya vyote hivyo, ikimeta, futi kumi za mwaloni. Milo akaenda kukaa sakafuni chini ya kaunta na kigari chake.

Renata akapitisha mkono juu ya kaunta. Akasema ni nzuri, anakumbuka babu yake alivyomkalisha juu yake kule kilabuni akiwa mdogo. Nikajaa fahari. Halafu akatazama kuta zote nne, moja moja, kama mtu anayetafuta saa.

"Dirisha lako liko wapi, Baba?"

Nikasema litakuja.

"Lakini kaunta imeshakuja."

Nikaanza kumweleza habari za bei, za mama wa miwani, za inchi. Nilipofika kwenye inchi nikaona uso wake unabadilika, nikanyamaza, ila nilikuwa nimechelewa. Ilani ya Wendell alikuwa ameisoma, na inchi zilikuwa zilezile, kwa mpangilio uleule. Milo akakohoa. Renata akaenda kumwinua, akapitisha kiganja nyuma ya suruali yake, akakitazama kiganja.

"Ile plastiki," akasema, "ilikuwa kavu kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshinda. Vitanda vyao vilibaki kupimwa tu. Miaka miwili ya vishindo vya asubuhi ilikuwa imesimama mbele yangu, na mtoto mwenye suruali mbichi anakohoa begani kwa mama yake, ananitazama.

"Ilikuwa na maji," nikasema. "Niliyafuta."

"Na aliyepiga simu ni wewe."

"Ni mimi."

Nilingoja anifokee. Mama yake angenifokea mpaka majirani wazime redio. Renata alimfunga Milo koti, kifungo baada ya kifungo, na alipomaliza akasema bila kunitazama:

"Ungeniambia tu pale si salama, Baba, ningekushukuru. Wewe hukuliona dirisha lile kwa ajili yetu."

Nikasema ni wakubwa waliotufikisha hapa, wangeiacha barabara ilivyokuwa, wangeiacha hospitali. Akaniambia mama yake alikufa kweli, na hospitali ilifungwa kweli, lakini kaunta haikununuliwa na baraza. Akapanda ngazi. Juu mlangoni akasema Wendell asubuhi hii amekubali kukata dirisha, Gorski anakuja na msumeno Jumatatu, na Jumamosi wanachimba shimo la nje kwa mikono kwa sababu mashine haipiti kati ya nyumba mbili. Hakuniambia nije. Alinipa habari kama unavyompa habari jirani.

Jumamosi nilifika saa mbili na sepetu yangu. Curtis alikuwa zamuni. Wendell alikuwa peke yake shimoni, miaka sabini na moja na mgongo mbovu, udongo umemfika magotini, na kwetu udongo ni mfinyanzi mtupu unaonata kama gundi. Alinitazama, akasogea upande mmoja. Tukachimba labda nusu saa. Marlene akaleta kahawa, akamfuta mumewe jasho kwa aproni, akarudi ndani. Nikatazama pembeni.

Nikasema, "Wendell, simu ile nilipiga mimi."

Akaegemea mpini wa sepetu. "Najua. Nilijua kabla ya chakula cha mchana siku ileile. Miaka minane nimekaa na yule mama wa miwani, unadhani haijui sauti ya mtu aliyegombana naye juu ya makochi?"

Nikamwambia ndiyo maana siwaamini watu wa ofisi, hawana siri. Akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akaacha, akalitazama lile dirisha lake la inchi kumi na nne ukutani mbele yetu.

"Curtis alilala mle miaka kumi," akasema. "Miaka kumi, Emil. Na mimi ndiye niliyepiga kura sheria ile ipite."

Ningetaka kusema nilimhurumia, lakini nilichokiona kichwani ni taa yenye umbo la mwezi na watoto wangu wawili chini yake, na mtu huyu akisikia vishindo vyao kila asubuhi kabla ya kahawa. Nilimwonea wivu hata kwa shimo lile nililokuwa nachimba mwenyewe.

Saa sita akasema panatosha. Nikashusha futi mpaka chini. Nikamwambia bado inchi tatu, kokoto zikishawekwa shimo litakuwa fupi, dirisha litapandishwa juu, na mtoto wa miaka mitatu hatafikia ukingo. Akasema mgongo umekwisha. Nikamwambia akakae, amwite Marlene ampake dawa.

Akatoka kwa kushika bega langu. Nikabaki mle ndani na kuendelea kuchimba.